Seti ya kujifunzia Arduino: uzoefu wangu baada ya miezi mitatu, Kigoma

Nimeandika programu kwa miaka sita bila kujua umeme unafanya nini chini ya kibodi, ndipo nikaagiza kutoka Dar es Salaam seti ya kujifunzia yenye bodi iliyonakiliwa kutoka Arduino Uno (kompyuta ndogo ya bodi moja ya kuendeshea vifaa vya umeme kwa programu), ubao wa kuchomekea nyaya, rezista, vitufe na taa za LED. Mzigo ulifika Mwanga, hapa Kigoma, kwa basi, lakini waya wa USB ulikuwa umekatika kwa ndani; jioni nzima niliilaumu kompyuta, hadi nilipoazima waya wa printa kwenye steshenari ya jirani.

Bodi yenyewe sina ugomvi nayo. Ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, kwa hiyo mtu aliyezoea kutapanya gigabaiti hulazimika kuhesabu hata herufi za ujumbe anaouchapisha.

Kilichonishinda ni kitufe. Niliandika programu ya kuhesabu mibonyezo, nikabonyeza mara moja, ikaandika tatu. Kwa siku mbili nilipekua mstari mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa maisha yangu yote kosa limekuwa ndani ya msimbo, hadi mzee mmoja anayetengeneza redio sokoni aliponiambia, “Mwanangu, hicho chuma kinadunda kabla hakijatulia.” Ni kweli: vipande vya chuma ndani ya kitufe hugusana na kuachana mara kadhaa katika milisekunde chache, na bodi yenye mapigo milioni 16 kwa sekunde huona kila mguso. Niliiagiza ipuuze kila badiliko linalotokea ndani ya milisekunde 50 baada ya mbonyezo, na hesabu ikanyooka.

Kijitabu chake ni dhaifu. Kinaonyesha mahali pa kuchomeka rezista ya omu 220, yenye mistari myekundu miwili na mmoja wa kahawia, bila kueleza kwamba ndiyo inayozuia mkondo usiiunguze taa. Taa yangu ya kwanza niliiunguza kwa kuiruka hatua hiyo. Multimita, kifaa cha kupimia umeme, pia haimo, nami nilipoinunua kando ndipo nilipoacha kubahatisha.

Kwa programa anayeanza, ningemshauri anunue bodi, ubao na multimita kimoja kimoja. Pasi ya kulehemu iliyomo kwenye seti sijaitumia hata leo, maana ilikuja na kutu nchani.