Ubuntu wanakupa tarehe, Debian wanakuonyesha kazi iliyobaki

Jamani hawa wawili, Ubuntu na Debian, mifumo ya bure ya kuendeshea kompyuta (Linux), wana tofauti kubwa sana kwenye kumwambia mtumiaji nini kinakuja. Ubuntu kalenda yao inajulikana, toleo jipya kila Aprili na Oktoba, mpaka namba yenyewe inajieleza, 24.04 ni Aprili 2024 basi, na ile LTS, yaani toleo la kutunzwa muda mrefu, inakuja kila baada ya miaka 2 na sapoti ya miaka 5, kwa hiyo mtu anayesimamia kompyuta za shule anapanga mambo yake mapema kabisa. Mwaka 2006 walichelewa wiki sita, ikatoka Juni kama 6.06 badala ya 6.04, na namba wakaibadilisha.

Debian hawaahidi siku mapema hivyo. Wao ni itatoka ikiwa tayari, ila orodha ya hitilafu zinazozuia toleo iko wazi kwa kila mtu, unaifuatilia mwenyewe inavyopungua, ndo Debian 12 ikatoka Juni 2023 na Debian 13 Agosti 2025. Kwa seva mi naipenda hii zaidi, tarehe haimsukumi mtu kutoa kitu hakijaiva. Lakini mtu anayeanza, aisee, ile orodha haielewi kabisa, hapo Ubuntu wamemjali zaidi.