Kipimo cha KH cha Salifert, kwa wanaotaka mawe yao yawe pinki

Wenye matangi ya maji chumvi, kabla hujanunua michupa ya kuotesha koralaini nunua kwanza hiki cha kupima KH (ugumu wa kaboneti, yaani alkalini ya maji). Nakipa nyota tano bila kusita. Koralaini ndiyo ule mwani mgumu wa pinki na zambarau, nao unajijengea ganda la chokaa, sasa KH ikishuka na kalsiamu ikiisha utajengea nini? Hata ufunge mataa ya bei mbaya mawe yatabaki meupe tu.

Kutumia ni rahisi sana, unavuta maji ya tangi mililita 4 unatia matone 4 ya ile dawa ya rangi yanakuwa ya bluu-kijani hivi, halafu unashusha dawa ya kwenye sirinji tone moja moja huku unatikisa, yakigeuka tu pinki ya kichungwa simama hapohapo usome. Ila pimia mbele ya karatasi nyeupe jamani, chini ya mataa ya bluu ya tangi rangi utaikosea.

Mimi KH naishikilia kati ya digrii 8 na 9, kalsiamu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu kama 1300, na raha yangu ni kuona hazirukiruki. Vidoa vya pinki vimeanzia kwenye pampu na kioo cha nyuma, sasa vinahamia kwenye mawe!

Fosfeti tafuta kipimo chake, maana ikizidi koralaini inadumaa hata KH iwe nzuri vipi.