Nilivyoiponya swichi ya Peugeot 504 ya baba

Ufunguo ulikataa kuzunguka nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, magari ya mbele yameshaanza kuteremka na nyuma yangu honi zinalia. Nikautikisa, nikauvuta nje kidogo, nikaurudisha, hadi ukashika. Kufika ng'ambo nikaona la kutisha zaidi: injini inanguruma, nami ufunguo nimeuchomoa, uko mkononi. Swichi ya kuwashia isiyo na kasoro haikubali hivyo, maana ndiyo hiyo hiyo inayofunga usukani.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 stesheni wageni ya mwaka 1986, alilotuachia marehemu baba. Liliunganishwa hapa hapa Mombasa, kiwanda cha AVA, na kwa miaka mingi lilipeleka abiria Malindi, safu zote tatu za viti zimejaa. Basi sikutaka swichi ya kubandika tu. Nilitaka swichi ya chapa ya Neiman, iliyo kama ile iliyotoka nayo kiwandani. (Wafaransa jina hilo wamelizoea hata swichi ya gari lolote huiita neiman.)

Nilianza kwa kuchongesha nakala za ufunguo, shilingi 200 kila moja. Nilichonga tatu, na zote zilikuwa mbovu kuliko ule wa zamani. Kisha nikaenda duka la spea, nikauziwa "orijino" ndani ya boksi safi kwa shilingi 3,800. Nyumbani nikaziweka mbili sambamba chini ya taa. Ile mpya haikuwa na jina lolote lililogongwa kwenye chuma, na ulimi wake wa kufungia usukani ulikuwa mfupi, unaonekana kwa macho. Nikairudisha siku ya pili. Pesa sikurudishiwa, niliambiwa nichague kitu kingine. Hilo bado linaniuma.

Gereji moja ya Changamwe walitaka kuitoboa yote kwa drili wanifungie kitufe cha kuwashia. Nikakataa. Lakini safari hiyo haikwenda bure: nyuma ya gereji palikuwa na 504 iliyokufa, haina injini wala milango, ila swichi ipo. Mwenyewe akaniuzia kwa shilingi 1,500, bila ufunguo.

Aliyeniokoa ni mzee mchonga funguo wa upande wa Mwembe Tayari, mwenye meza chini ya mwavuli. Nikamwamkia, nikamnyooshea ufunguo. Hakuupokea.

"Marahaba, mwanangu. Logibuku iko wapi? Na kitambulisho?"

Hapo hapo nikamwamini. Alipokwisha kuzisoma karatasi ndipo alipoingia garini. Akauzungusha ufunguo taratibu, akabonyeza kijipini cha pembeni kwa ncha ya bisibisi, na moyo wa swichi, ile sehemu ya ndani unamoingia ufunguo, ukatoka mzima. Hakutoboa kitu.

Akautandikia kitambaa cheupe. Ndani mna visahani vya shaba, vyembamba kama ukucha, kila kimoja na springi yake. Alivitoa kimoja kimoja kwa koleo ya nyusi, akavipanga kwa mstari ule ule vilivyokaa. Vitatu vilikuwa vimelika, kingo zimekuwa mviringo. Akachukua vizima kutoka ile swichi ya gari bovu, akavilinganisha kina, akavitia mahali pake. Kisha akachonga ufunguo mpya kwa kupima visahani vyenyewe, si kwa kufuata ule wangu.

"Huu wako umelika," aliniambia, "na mashine haijui. Yachonga inachokiona."

Akaubana ule wa zamani na mpya pamoja, akavielekeza juani. Kwenye meno mawili mwanga ulipenya katikati. Pengo lenyewe jembamba mno, na ndilo lililonikwamisha feri.

Kazi ilichukua saa mbili, nikalipa shilingi 4,000 kwa swichi na funguo mbili. Tangu hapo ni miezi minne, na ninavuka nalo Likoni karibu kila siku. Ufunguo hautoki mpaka nizime, na usukani hujifunga kwa mlio ule ule ninaoukumbuka tangu utotoni, baba akiegesha mbele ya nyumba.

Nampa mzee huyu alama zote. Kama gari lako ni la zamani, usitupe moyo wa swichi hata ukiwa umekwama kabisa. Visahani vyake ni mali. Mafuta pia usitie. Kwa hewa yetu ya chumvi na vumbi hili, mafuta huganda yakawa tope ndani. Mzee hutumia unga wa risasi ya penseli, anaukwangua kwa wembe na kuupuliza ndani ya tundu.

Kitasa cha mlango wa abiria bado kinagoma. Nimeshakifungua, kimo ndani ya kopo la maziwa na skrubu zake zote. Jumamosi nampelekea.