Kizibo cha alumini au cha karatasi ngumu?

Kizibo cha kawaida cha tarumbeta, kile chenye umbo la koni kinachochomekwa kwenye mdomo wake mpana ili kubadilisha sauti, hutengenezwa kwa alumini au kwa karatasi ngumu. Cha alumini hutoa sauti kali inayopenya hata ngoma zikirindima. Lakini orkesta ya maonyesho hubanana chini ya jukwaa, na mara nyingine una mapigo mawili tu ya kubadilisha kizibo. Kikikuponyoka, hulia kama kengele huku mwimbaji akinong'ona.

Cha karatasi ni chepesi, sauti yake laini, na kikianguka hakishtui mtu. Ila hubonyea upesi.

Vyote hufanya noti zitoke juu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo vuta nje kidogo bomba la kurekebishia sauti. Mimi huchukua cha alumini, nikikiweka kwenye kishikizo kilichofungwa stendi ya noti, kamwe si sakafuni.