Bangkok: treni au teksi ukitua Suvarnabhumi?

Kama unaenda Bangkok kufata mzigo wa nguo Pratunam, ukitoka tu eapoti ya Suvarnabhumi swali la kwanza ni hilo. Treni ya Airport Rail Link iko chini kabisa ya jengo, nauli haizidi baht 45, mpaka Phaya Thai, kituo cha mwisho, ni kama nusu saa hivi na foleni haikuhusu, ila kwa Pratunam we shukia Ratchaprarop, kituo kimoja kabla. Ubaya wake jioni inajaa balaa, ukiwa na mabegi mawili makubwa utajuta, na ikifika saa sita usiku ndo basi tena.

Teksi sasa, shuka floo namba 1 uchukue tiketi kwenye mashine, usimfate mtu anayekuita pembeni. Mita inaanzia baht 35, unaongeza 50 za eapoti, na hela ya barabara ya kulipia ni juu yako, dereva akiuliza apite huko kubali tu manake foleni ya Bangkok aisee, we acha. Mkiwa watatu au mvua za Septemba zimewakuta, teksi bila kufikiria. Peke yako na begi la mgongoni, panda treni, hela iliyobaki ukale pad thai.