Kinanda cha mtumba kutoka Japani na nyimbo za Kijerumani zilizomo ndani yake

Mwishoni mwa msimu wa korosho nilinunua kinanda kilichotumika katika duka moja la vitu vya mtumba hapa Mtwara mjini, kwa shilingi 270,000, nikikusudia kuwafundishia kuimba watoto wa Utoto Mtakatifu wa kigango chetu. Kina vibonyezo 61, spika mbili na nyimbo 100 zilizohifadhiwa ndani, na kiliuzwa pamoja na kijitabu kilichoandikwa chote kwa Kijapani. Nitazungumzia nyimbo hizo kuliko chombo chenyewe, kwa kuwa ndizo zilizonifanya nisijutie fedha yangu.

Hata hivyo, suala la umeme haliwezi kuachwa. Umeme wa majumbani nchini Japani ni wa volti 100, na wetu ni wa volti 230, kwa hiyo adapta iliyokuja na kinanda ilitoa moshi jioni ya kwanza nilipoichomeka. Niliporudi dukani nilijibiwa, “Mzee wangu, mtumba haurudishwi,” na ikanilazimu kununua adapta nyingine kwa fundi wa redio. Mnunuzi aulize jambo hili kabla hajatoa fedha. Kinanda hutumia pia betri sita kubwa, nazo zinafaa sana, kwa maana umeme hukatika hata katika mji huu wenye gesi ya Mnazi Bay jirani yake.

Sasa nyimbo. Kijana wangu alikipiga picha kijitabu kwa simu yenye kutafsiri maandishi, na katika ukurasa wa nyimbo za watoto maneno yaleyale yakawa yanajirudia mbele ya majina: Doitsu min'yō, yaani wimbo wa jadi wa Ujerumani. Nilishangaa. Sisi wa Kusini ndio tuliotawaliwa na Wajerumani. Boma lao la mwaka 1895 lingali limesimama Mikindani, na wamonaki Wabenediktini wako Ndanda tangu mwaka 1906, lakini alama ya muziki wao ninayoijua mimi ni nyimbo za ibada. Nyimbo zao za watoto sijapata kuzisikia zikiimbwa uwanjani na mtoto yeyote wa hapa. Japani haikutawaliwa na Mjerumani hata siku moja, na huko nyimbo hizo hujulikana kwa kila aliyepita darasa la kwanza.

Sababu yake ni shule. Mwaka 1879 serikali ya Japani iliunda idara ya kuchunguza muziki wa kufundishia, chini ya Isawa Shūji, na mwaka uliofuata ikamwalika mwalimu Luther Whiting Mason kutoka Boston. Kitabu chao cha kwanza cha nyimbo za shule za msingi, chenye tarehe ya mwaka 1881, kilichukua tuni nyingi za Ulaya na kuzivika maneno mapya ya Kijapani. Miongoni mwake umo wimbo wa kipepeo, Chōchō, ambao ndio Hänschen klein wa Wajerumani. Kwa Kijerumani ni habari za mtoto Hans anayeondoka nyumbani kwenda kuzunguka dunia huku mama yake akilia. Kwa Kijapani ni kipepeo anayeombwa atue juu ya jani, na akichoka na jani aende kwenye maua ya mcheri. Tuni ilisafiri, Hans akaachwa bandarini. Asili yenyewe ilisahaulika kiasi kwamba kwa miaka mingi Wajapani waliuandika kuwa ni wimbo wa Kihispania.

Kwa mwalimu wa kwaya ya watoto, huu ndio wimbo bora kuliko yote kinandani, kwa sababu unatumia noti tano tu, kutoka do hadi sol, na mkono wa mtoto hauna haja ya kuhama mahali pake. Watoto wangu waliushika kwa nusu saa. Wa chura, Kaeru no gasshō, nao haupiti la, tena huimbwa kwa kupokezana: kundi la pili linaanza wakati la kwanza limefika mstari wa pili, na kadhalika. Nilikuwa nimehangaika miezi kadhaa kuwafanya watoto wasifuate sauti ya jirani, na wimbo huu ulifanikisha kazi hiyo kwa Jumamosi mbili.

Wimbo wa mbweha ulinichekesha. Wajerumani humwambia mbweha kwamba ameiba bata bukini na amrudishe, la sivyo mwindaji atamjia na bunduki. Mbweha wa Kijapani, Kogitsune, hana kesi yoyote. Yuko mlimani anaponda matunda ya majani ili ajipambe. Mwizi amegeuzwa mlimbwende, na tuni ni ileile.

Ukurasa wa nyimbo za wakubwa una tabia nyingine. Hapo jina la Kondō Sakufū linaonekana mara tatu, naye ni mfasiri aliyetoa maneno ya Kijapani mwaka 1909 kwa Lorelei ya mshairi Heine na mtunzi Silcher, kwa Heidenröslein (waridi la mwituni) ya mshairi Goethe na kwa Der Lindenbaum ya mtunzi Schubert, akijitahidi kubaki na maana ya shairi badala ya kutunga upya. Heidenröslein imo mara mbili kwa jina lilelile la Kijapani, Nobara, nami nilidhani ni kosa la kiwanda mpaka nilipozisikiliza: moja ni tuni ya Schubert na nyingine ni ya Werner, na Wajapani huimba zote mbili. Mimi napendelea ya Werner, ambayo inaimbika na kwaya isiyo na mafunzo. Ama Lindenbaum, mwanakwaya wetu mmoja mzaliwa wa Lindi alitaka kujua kama mji wao umetajwa. Haukutajwa, ni mti tu, na Wajapani wameuita bodaiju, jina linalowakumbusha mti ambao Buddha alipata nuru chini yake.

Kasoro zipo. Nyimbo za ndani hazina maneno, ni tuni na midundo, na midundo yenyewe ni mizito mno; Lorelei, wimbo wa kubembeleza wenye mapigo sita, imewekewa ngoma inayostahili bendi ya harusi. Bahati nzuri kuna kitufe cha kuizima. Kijitabu hakina noti za sauti ya pili wala besi, hivyo nimeziandika mwenyewe kwa sol-fa, na maneno ya Kiswahili tumeyatunga na watoto. Mbweha wetu ni kima, na ameiba korosho.

Wiki iliyopita kilikuwa kimebaki kinanda kingine cha aina hii dukani, bila kijitabu, na bei yake walikuwa tayari kuipunguza. Atakayekwenda aombe kiwashwe kwa betri, na aipige Lorelei mpaka mwisho, kwa sababu spika iliyopasuka hukwaruza zile noti za juu.