Likizo kwa Ndege au kwa Treni ya Umeme

Anayepanga likizo ya mwendo wa kilomita 600 hivi, naye anajali hewa ya ukaa, mara nyingi huwa na njia mbili mbele yake: ndege au treni ya umeme. Kila kilo 1 ya mafuta ya ndege inayoungua hutoa takriban kilo 3.16 za kaboni dioksidi, na katika safari fupi sehemu kubwa ya mafuta hayo huishia kwenye kupaa, pale injini zinaponguruma kwa nguvu zote na abiria akahisi kiti kikimsukuma mgongoni. Michirizi myeupe inayobaki angani nayo huweza kuongeza joto.

Treni haitoi moshi njiani. Usafi wake hutegemea umeme wake unatoka wapi. Ukizalishwa kwa makaa ya mawe, faida hupungua, lakini Uholanzi, ambako tangu 2017 shirika la reli la taifa huendesha treni zake za umeme kwa nishati iliyonunuliwa kutoka mashamba ya upepo, uchafuzi wa safari ni mdogo mno. Palipo na reli ya namna hiyo, mimi nachagua treni bila kusita. Ndege naiachia safari za kuvuka bahari, ambako betri bado ni nzito mno kuchukua nafasi ya mafuta.